Picha Iliyokatwa kwa Haki

Nianze na surua, ingawa surua haina undugu wowote na picha. Nilikuwa mdogo bado, hata mbuzi sijaachiwa kuchunga, ugonjwa ulipopita kwenye vilima vyetu vya Mbeya ukilaza watoto nyumba hadi nyumba. Siku zile mtoto mwenye surua alifichwa mwanga. Bibi yangu, mama yake baba, alinilaza kwenye pembe ya nyumba yake, karibu na mbuzi, akatundika mkeka mbele yangu ili jua la mlangoni lisinifikie machoni. Uji wa ulezi nililetewa hapo hapo. Kuoga marufuku, kutoka nje marufuku, kucheka na wenzangu marufuku. Ikabaki kazi moja tu, kuutazama ule mkeka.

Mkeka wenyewe aliusuka yeye. Ukindu ulitoka Usangu, kule bondeni kwenye joto, maana huku kwetu baridi inagandisha mpaka mawazo. Chane nyingine alizizika kwenye tope la mtoni zikatoka nyeusi kama masizi, akazisuka pamoja na nyeupe: kijicho cheusi, kijicho cheupe, safu juu ya safu, kila kimoja pacha wa mwenzake.

Basi homa ikipanda, macho yangu yalikuwa yanachoka kushika. Yanalegea yenyewe. Vile vijicho vinaanza kutembea, kimoja kinaparamia kingine, halafu ghafla vinatulia, na mkeka unazama. Nikwambie nini ndugu yangu! Nilikuwa sitazami mkeka tena, natazama dirisha. Vijicho vimekaa mbali, ng'ambo ya ukuta, vimekuwa vikubwa, na huku mbele yake kuna uwazi ambao ungeweza kuingiza mkono mpaka begani. Nilikaa humo siku zote za ugonjwa wangu. Nilipona nikiwa na huzuni kidogo, nasema kweli.

Bibi alinigundua. "We binti, acha kulegeza macho hivyo. Upepo ukikukuta yatabaki hivyo hivyo, na hakuna mwanaume atakayetoa ng'ombe kwa macho ya kinyonga." Lakini ufundi nilikuwa nimeshaupata. Niliutumia kanisani mahubiri yakirefuka, kwenye ukuta wa matete, matete yanazama na mhubiri anabaki anaelea. Shuleni niliutumia pia, na mwalimu akanishika sikio. Shule niliishia darasa la pili. Si kwa ajili ya macho, ni kwa ajili ya mdogo wangu aliyehitaji wa kumbeba, na hiyo ni habari nyingine, tuiache.

Pembe hiyo ya surua uikumbuke, tutarudi.

Baba yangu alikuwa na wake wawili na mizani kichwani. Kabla ya kushika jembe alikuwa utingo wa lori, Mbeya mpaka Iringa, na wakati mwingine kupanda Chunya hadi Makongolosi kuwapelekea wachimba dhahabu unga na mafuta ya taa. Barabara ndiyo iliyompa mke wa pili. Huyo alikuwa Mhehe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akiuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, pale malori yanapopumzika Iringa. Sisi watoto tulimwita Mama wa Iringa. Mama yangu alikuwa mke mkubwa, na nyumba zao zilitazamana, katikati ua wa kuanikia maua ya pareto.

Misheni walimbatiza mama, lakini baba wakamwambia achague mke mmoja kwanza. Baba akawauliza, "Nikimchagua mmoja, mwingine atakula wapi?" Hawakumbatiza, naye akabaki nje. Jumapili alitusindikiza mpaka kanisani akakaa kwenye nyasi, kofia mkononi, akisubiri tumalize kuimba. Mpaka leo nikisikia nyimbo zile namwona yule mtu kwenye nyasi.

Haki yake ilikuwa ya kisu. Boga lilipasuliwa katikati. Mbuzi alipasuliwa kufuata uti wa mgongo, kila nyumba ubavu wake. Hata kanga. Kanga, kama unavyojua, huja doti: vipande viwili vilivyo sawa, vimeshikana. Mume mwingine angenunua doti mbili. Baba alinunua moja, akakata pale kati, kipande huku, kipande kule. Ndiyo maana mama zangu siku za kawaida walifunga kipande kimoja kimoja, lakini mmoja akiwa na safari ya maana, harusi au msiba, mwenzake alimwazima kipande chake ili atoke na doti kamili. Walikuwa wanapendana kwa namna hiyo, bila kusema. Mama alizoea kusema kipande kimoja ni nguo ya jikoni, doti ndiyo nguo ya kutokea.

Sasa fundi wa picha. Lori lilikatika springi barabarani chini ya kilima chetu, na ndani yake alikuwamo mtu wa pwani, kanzu chini, koti la baridi juu, anatetemeka kama kifaranga. Alikuwa anatoka Makongolosi kupiga picha wachimbaji. Baba akampandisha nyumbani, akakaa nasi mpaka springi ilipopatikana, anakula viazi vya kuchoma kwenye majivu na kusema kila jioni kwamba nchi hii Mungu aliisahau mlango wazi. Alipotaka kutoa shukrani, akasema atampiga baba picha.

Kamera yake ilikuwa na macho mawili, moja kando ya jingine. Nafikiri alieleza sababu. Lakini nani alikuwa anamsikiliza? Mama anatafuta koti, Mama wa Iringa anapiga pasi suruali mpya ya kaki kwa kigae cha moto, bibi anasema picha zinapunguza damu. Ikazuka na shida ya nani apigwe na nani. Baba akaamua, "Nikisimama na huyu, yule atalia. Nikisimama na wote, watagombania mkono wa kulia. Nasimama peke yangu." Akasimama ukingoni mwa shamba la pareto, mlima nyuma yake, na mkononi ameshika kiazi cha msimu ule, kikubwa kama kichwa cha mtoto. Fundi akamwambia, "Nyoosha mkono, bwana. Ulete mbele kama vile unanipa."

Giza la kusafishia picha alilipata wapi? Kwenye pembe yangu ya surua, nyuma ya mkeka wa bibi. Akatoka humo na kadi ngumu, ndefu, yenye baba wawili wamesimama bega kwa bega, wote na kiazi. Halafu akatoa kisanduku cha mbao, chepesi, chenye vioo viwili vya kuchungulia na mfereji kwa mbele wa kuchomekea kadi. Akakiacha kwetu kabisa, alikuwa na kingine.

Mama alichungulia wa kwanza. Halafu mkono ukamtoka wenyewe kwenda kupokea kiazi, ukagonga kisanduku kikaruka. Mama wa Iringa alipochungulia akasema taratibu, kwa heshima, "Kamwene, bwana," salamu ya kwao, akamwamkia mume wa kwenye kisanduku, na mume mwenyewe amesimama nyuma yake akicheka. Maana baba wa kwenye kisanduku hakuwa picha, alikuwa mtu. Amesimama. Kuna hewa kati yake na mlima, kuna hewa kati yetu na yeye, na mkono wake umetoka mpaka puani kwako. Ilipofika zamu yangu, nilipajua mahali pale. Palikuwa mle mle ndani ya mkeka.

Watu walipanda kutoka vilima vya jirani kuja kumwona baba amesimama kwenye kisanduku, na baba mwenyewe yuko pale na jembe, anawauliza, "Yupi mzuri zaidi?"

Msimu uliofuata baba alinyeshewa mvua shambani, kichomi kikamkamata, akafa. Sitakaa hapo.

Matanga yalipoisha, baba mkubwa, kaka yake baba, akaja kugawa. Huyu lazima nimweleze. Alikuwa mnene, mwenye kikohozi cha kutangulia maneno, na kisu cha kuchunia alichokinoa kwenye jiwe letu la mtoni kila alipopita. Alipenda kuamua kesi, kwa sababu kesi ilikuwa na kibuyu cha pombe. Neno lake lilikuwa, "Kisu hakina mjomba." Akagawa majembe, akagawa blanketi, akagawa ng'ombe. Akafika kwenye kadi. Akaigeuza, akakohoa, akatabasamu.

"Fundi yule alikuwa mtu wa akili. Aliona nyumba mbili, akaleta doti."

Na sisi wote tukaona kweli! Picha mbili, sawasawa, zimeshikana, na wake wawili wamekaa hapo. Ingekuwa nini kama si doti? Akaiweka juu ya kigoda, akapitisha kisu pale kati, kipande huku, kipande kule. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisanduku kikaenda nyumba kubwa, taa ya chemli ikaenda nyumba ndogo, haki ikatimia. Mama wa Iringa, ambaye tumbo lilikuwa limeshaonekana, akafunga mzigo wake akarudi kwao kujifungulia kwa mama yake.

Jioni ile mama alichomeka kipande chake kwenye kisanduku. Akachungulia. Akafuta vioo kwa kanga, akachungulia tena. Baba alikuwa amelala bapa kama ngozi iliyowambwa ukutani. Hakuna hewa, hakuna mkono. Mama akakaa chini akasema neno moja tu, "Amekwenda naye." Kichwani mwake ikawa wazi: vipande vilikuwa viwili, kimoja kizima na kimoja maiti, na mwenzake alichagua akijua. Akakitupia kisanduku darini juu ya moto, kwenye mahindi. Moshi ukakipinda, mpaka siku moja kioo kimoja kikadondoka kwenye chungu cha maharage kikapasuka.

Kule Iringa nako, tulikuja kujua baadaye, Mama wa Iringa alikuwa akikaa na karatasi yake bapa akiamini kwamba sisi huku, kila jua likizama, tunakaa na baba amesimama. Kila mmoja anamwonea wivu mwenzake kwa kitu ambacho mwenzake hana. Miaka ikapita hivyo. Hakuna salamu, hakuna aliyetuma hata chumvi. Na vipande vya kanga vikachakaa, kimoja huku, kimoja kule.

Halafu asubuhi moja ya kiangazi, baridi ya kuvunja meno, tunaanika pareto, tukaona watu wawili wanapanda kilima, wekundu kwa vumbi la barabara ya Igawa kama waliochimbuliwa. Mwanamke mrefu, na mtoto wa kiume aliyeng'oka meno ya mbele.

"Kamwene, dada," akasema Mama wa Iringa.

Mama aliitikia, akaleta maji ya kunawa, akapika. Mgeni halishwi maneno. Watu wakala kande, mpaka mtoto akamaliza bakuli lake, akainuka, akauliza bila kumtazama mtu, "Baba yuko nyumba gani?"

Mama wa Iringa akaweka bakuli chini. "Dada, sikufuata shamba wala ng'ombe. Huyu alizaliwa baba yake hayupo. Wenzake wanamuuliza baba yako anafananaje, yeye anawaambia mama anayo karatasi. Nimemleta amwone amesimama, mara moja tu, nirudi kwetu. Toa kisanduku."

"Kisanduku kimekufa," mama akasema. "Kilikufa kwa uchungu. Wewe uliondoka na mume mzima, mimi ukaniachia ngozi."

"Mume mzima? Mimi?" Akachomoa kitambaa kifuani, akakifungua. "Haya, huyu hapa mzima, mwambie akuchotee maji!"

Mama naye akaingia ndani akatoka na chake. Wakaviweka kwenye mkeka, mkeka wa bibi ule ule, bibi mwenyewe alikuwa ameshatangulia. Sote tukainama. Wote wawili bapa. Na wote wawili, kwenye goti la suruali, wana kitu cheupe.

"Na kiraka hicho," mama akasema, "watu wote wamekiona. Zamu ya kumtunzia nguo ilikuwa yako."

"Suruali ilikuwa mpya! Niliipiga pasi mimi mwenyewe. Iringa nzima wananicheka, mume wa viraka, nami najua kiraka kilitoka nyumba yako." Kisha akainama zaidi. "Ngoja. Chako kiko pembeni ya goti. Changu kiko katikati."

Ikawa kweli. Mama akapiga makofi mara moja. "Si nilisema? Hazifanani! Si doti hii, ni picha mbili mbalimbali, na mmoja alipewa nzuri!"

Sasa ugomvi ulipofikia hapo, unafikiri nani alitokea uani na kikohozi chake mbele? Penye ugomvi wa wake za ndugu yake, baba mkubwa alikuwa na pua kuliko mbwa. Akaketishwa kwenye kigoda, akaletewa kibuyu, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Akavitazama vipande. Akakubali kwamba havifanani, kwamba kimoja kina uhai na kingine hakina, na kwamba hakuna wa kujua kipi ni kipi.

"Basi dawa ni rahisi," akasema, akachomoa kisu. "Kila kimoja tunakikata tena katikati. Nyumba kubwa nusu ya hiki na nusu ya kile, nyumba ndogo vivyo hivyo. Kila mtu atakuwa na uhai kidogo na ufu kidogo. Kisu hakina mjomba."

Na mama zangu, kwa hasira waliyokuwa nayo, hawakumzuia. Yaani walikubali! Baba angepasuliwa kufuata uti wa mgongo kama mbuzi. Mtoto akaanza kulia bila sauti, midomo inacheza tu, na mimi nikapiga magoti kwenye mkeka nimwone baba yangu kwa mara ya mwisho akiwa mzima, hata kama ni bapa.

Vipande vilikuwa vimelala juu ya vijicho vya bibi, vyeusi na vyeupe. Sikufikiri chochote. Machozi yalikuwa yananijaa, nimechoka, na macho yakalegea yenyewe kama wakati wa surua. Vijicho vikatembea. Mkeka ukazama. Na wale baba wawili nao wakaanza kutembea, wakawa watatu, na yule wa katikati akashikana... akashikana vibaya. Mlima ukaja mbele. Baba akazama nyuma yake kama tundu, kama mtu aliyekatwa kwa mkasi ukaacha shimo lake. Nikapiga kelele.

"Nini?" baba mkubwa akasema, kisu kimeshagusa karatasi.

"Yumo! Ametumbukia! Baba mkubwa, toa kisu, yumo ila ametumbukia!"

"Huyu naye ameanza lini?" akamuuliza mama. Lakini mimi nilikuwa nimeshavinyakua vyote. Mtu aliyetumbukia anageuzwa ndipo anatoka, ndivyo nilivyowaza, hakuna akili nyingine. Cha kushoto nikakipeleka kulia, cha kulia nikakileta kushoto, nikavisogeza mpaka kingo zikapandana kidogo. Nikaweka pua karibu, nikayaacha macho yalale, nikarudi nyuma taratibu.

Baba akasimama.

Hapo ndugu yangu sina maneno, darasa la pili halinifikishi. Alisimama. Mlima ukarudi mahali pake nyuma kabisa, hewa ikaingia katikati, kofia ikapata uvungu, na mkono ukatoka kwenye karatasi ukaja, ukaja, ukafika, na kiazi kiko juu yake. Bila kisanduku, bila kioo. Nilicheka mpaka nikampoteza, ikabidi nianze upya.

"Huyu binti ameingiwa na kitu," mama akasema.

"Mleteni mdogo wangu wa Iringa," nikasema.

Nikamlaza kifudifudi. Kwanza nikamfundisha kwenye mkeka peke yake, jinsi ya kutazama kama unayetaka kusinzia, jinsi ya kukiacha kitu kipite. Alikuwa mwepesi, watoto wa nyumba ile wote ni wepesi. Alipopiga kelele kwamba mkeka una shimo, nikamsogezea baba. Pua chini, rudi, rudi, usikaze, mwache aje mwenyewe. Tukangoja. Baba mkubwa akaanza kukohoa, na Mama wa Iringa, mke mdogo, akamwambia shemeji yake, "Nyamaza!" Sikuwahi kusikia hivyo katika ukoo wetu.

Mkono wa mtoto ukainuka. Polepole, mdomo wazi, pengo linaonekana, ukaenda mbele mpaka juu ya karatasi, hewani, ukafumba vidole pale hasa kilipokuwa kiazi.

"Ananipa," akasema.

Mama alikuwa mgumu kuamini. "Mama yako alikwambia habari za kiazi."

"Na ua je?" mtoto akauliza, macho hayajabanduka.

"Ua gani?"

"Hili jeupe. Liko mbele ya goti lake, haliko kwenye goti. Liko huku, kwenye bua lake, peke yake. Liko karibu na mimi kuliko baba."

Mama zangu wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakatazamana sawasawa. Siku ya kisanduku kila mtu alitazama kiazi, nani alitazama chini? Halikuwa kiraka. Lilikuwa ua la pareto, moja, lililochomoza ukingoni mwa shamba likasimama kati ya kamera na suruali mpya ya kaki. Miaka yote ile hakuna nyumba iliyomvalisha mumewe viraka.

"Niliipiga pasi," Mama wa Iringa akasema, na sauti yake ya chini ikapasuka.

"Uliipiga," mama akasema. "Nilikuona. Kwa kigae."

Halafu vigelegele. Si vile vya siku ya kukata, vile vilikuwa vya adabu tu. Hivi vilitoka kooni, majirani wakashuka mbio wakidhani kuna aliyejifungua. Mama zangu wawili wakalala kifudifudi kwenye mkeka, watu wazima, kanga zinawatoka, wakiniuliza, "Nilegeze vipi? Hivi?" na mtoto anawafokea, "Unakaza, mama! Usikaze!" Mama wa Iringa alimpata jua likiwa limeinama. Akaamkia tena, kama zamani. Mama alichelewa mpaka kesho yake, na alipompata, mkono ulimtoka wenyewe kupokea kiazi.

Jirani mmoja alishauri tuvigundishe kwa uji mzito, iwe kadi moja kama mwanzo. Wote wawili walikataa kwa mdomo mmoja. Vikigundishwa vitalala nyumba moja. Basi kila mmoja akabaki na chake, na kila kiangazi, baada ya pareto, ama wao walipanda lori kuja Mbeya ama sisi tulishuka kwenda Iringa, kwa sababu baba hakuweza kusimama mpaka tukutane. Mama alivaa kipande chake cha kanga, Mama wa Iringa akavaa chake, na wakifika wanaazimana.

Hao wote wamekwenda. Shamba la pareto limekuwa nyumba za bati, ile harufu ya maua yanayokauka sijaisikia siku nyingi, na mikeka ninayouziwa sokoni siku hizi ni ya plastiki, imechorwa maua makubwa yasiyo na pacha, huwezi kuzama humo hata ukiugua vipi. Jicho langu la kushoto lina ukungu, kwa hiyo mimi sasa baba yangu namwona bapa. Hainiumi. Kipande changu kiko kwenye kopo la majani ya chai, cha mdogo wangu kiko Iringa ndani ya Biblia yake, na yule mdogo wangu ni babu mwenye mkongojo. Tukikutana tunavipanga kwenye meza na wajukuu wanashindana. Sisi wazee tunakaa pembeni, tunaitazama mikono yao. Mkono ukiinuka ukafumba vidole hewani, mimi na yeye tunajua kiazi kimepokelewa.

Lakini nimeruka, sijamaliza habari ya baba mkubwa.

Jioni ile ya vigelegele alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, kibuyu kimejaa mbele yake. Akasema naye atazame. Tukampisha. Akalala kifudifudi na tumbo lake lote, akakodoa, akakunja uso, akakohoa.

"Namwona," akasema. "Ndugu yangu namwona. Wako wawili."

"Baba mkubwa," mtoto akamwambia kwa upole, "ukiona wawili, bado hujamwona."

Mama wa Iringa akaangua kicheko, mama akafuata, na walipoanza hawakuweza kunyamaza. Wakashikana mabega. Baba mkubwa akainuka, akajikung'uta magoti. Akakitazama kisu kama kitu alichookota njiani, akakirudisha kwenye ala. Akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wake hawakuwa upande ule. Akapita katikati ya maua yaliyoanikwa, akiinua miguu asiyakanyage, akashika njia ya mtoni, na mama akamfunikia kibuyu chake kwa jani la mgomba, kwa kuwa tulijua atarudi kukimalizia. Hakurudi. Si siku ile, wala siku nyingine yoyote ya kesi.